Yule fundi wa printa kanidhalilisha mbele ya wateja, leo sinyamazi

Wakuu, salamu baadaye. Yule fundi wetu wa kompyuta, mnamjua, yule wa funguo kiunoni anayezunguka ofisi zote za barabara ya Nyerere hapa Mwanza, leo kaniambia mbele ya wateja: "Dada, printa imelala tu, mbona hata wewe huwa unalala."

HATA WEWE HUWA UNALALA. Mbele ya wateja!

Tena wazee wa Ukerewe, wanawahi meli ya Nansio, wako kaunta wanasubiri mkataba wao. Nabonyeza, printa kimya, kijitaa cha kijani kinawaka na kuzima. Ilipoamka ikapiga mlio, nadhani Mwaloni kule walijua soko linaungua. Halafu ikagoma: tona, ule wino wa unga, imepungua. Imepungua, haijaisha! Hapo ndipo bwana mkubwa anaingia, mikono mfukoni, na kutoa maneno yake.

Nani kaiseti hivyo? Yeye! Kaiweka ilale kila baada ya dakika MOJA. Printa ya leza ikilala, rola ya moto inayogandisha wino kwenye karatasi hupoa, na lazima joto lake lipande tena hadi nyuzi 200 hivi ndipo karatasi itoke. Angeweka dakika 15 foleni ingekatika. Eti anaokoa umeme. Umeme gani, na kiyoyozi cha chumba chake kinanguruma hata akiwa Kirumba anakula sato?

Kwenye menyu unachagua: tona ikipungua, isimame au iendelee. Kachagua isimame. Mlio, juu kabisa. Barua pepe ya kumtahadharisha mapema kaizima, inamsumbua. Paswedi anayo peke yake. Halafu mimi ndiye ninayelala! Mbele ya wazee wa umri wa baba yangu!

Sangara Mkavu: Pole dada. Ila tuambie ukweli, huwa unalala? 😂😂

Mnyamagana: Huyo huyo! Kwetu tahadhari zote kazielekeza simu ya bosi. Bosi yuko msibani, mchungaji anaomba, simu inalia: trei ya 2 haina karatasi.

Mama Buzuruga: Mdogo wangu, andika anwani ya IP ya printa, yaani namba yake ya mtandao, kwenye kivinjari cha kompyuta, ukurasa wake utafunguka, tafuta sehemu ya nishati ubadilishe muda wa kulala.

Mleta uzi: Mama, nimesema paswedi anayo yeye. Mbele ya wateja, jamani!

Sangara Mkavu: Kwa hiyo hukukana kulala.

Jiwe Juu ya Jiwe: Wazee meli waliipata?

Mleta uzi: Wameikosa! Kisa dakika moja!

Mtoto wa Sengerema: Sisi tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, habari za kuwahi kivuko tumesahau. Poleni wa visiwani.

Mkerewe Halisi: Tuheshimiane. Ukikosa meli unazunguka Bunda hadi Kisorya, unavuka kwa kivuko hadi Rugezi, unafika nyumbani usiku. Unaliona jambo la kuchekea?

Mtoto wa Sengerema: Sijacheka mkuu, nimetoa pole.

Mleta uzi: Turudi kwenye mada. Kaniambia hata mimi huwa nalala!

Binti Igoma: Meli afadhali. Mimi jana kondakta kanilipisha nauli ya ndoo ya dagaa, halafu kaiweka chini ya siti, mtu kaikanyaga na buti. Dagaa wa kuuza! Na huyo kondakta mnamjua, yule wa kofia nyekundu.

Mnyamagana: Wa kofia nyekundu? Chenji yangu anayo tangu Jumatatu!