Jibini gani huyeyuka vizuri kwenye kesadiya? Niko Kisumu

NyarKondele: Hamjambo wapishi. Nauza chapati na maharagwe hapa Kondele. Wateja vijana wameanza kuniuliza kesadiya, ile ya Meksiko inayokunjwa na jibini ndani. Niliweka jibini ya nyumbani, ya maziwa na ndimu. Ladha iko, lakini ilibaki vipande vipande hadi chapati ikaanza kuungua. Ninunue ipi? Na chapati zangu zinafaa, ama natafuta unga mwingine? Mnifikirie na bei pia, kwangu hakuna bei za hoteli.

Shemeji_wa_Nakuru: Mozarela, dada. Basi.

FundiMaziwa: Dada, hiyo ya ndimu haitayeyuka hata ukiiacha motoni mpaka kesho. Ndimu au siki ikiingia kwenye maziwa ya moto, asidi huiondoa kalsiamu iliyokuwa imezishika protini, nazo hukazana zenyewe kwa zenyewe. Ukiipasha inatoa maji na kukauka tu. Ndiyo sababu panir ya Wahindi hukaangwa ikabaki na pembe zake. Jibini iliyogandishwa kwa reneti, yaani kimeng'enya cha kugandisha maziwa, ni habari nyingine: kalsiamu bado imo, asidi ya kadiri huilegeza, na joto likifika inatiririka. Halumi, jibini ya Kipro, nayo ni ya reneti, ila asidi yake haitoshi, kwa hiyo inagoma.

Halafu uangalie umri. Gauda changa na cheda changa huyeyuka vizuri. Iliyokaa miezi mingi, kama parmesani, humwaga mafuta na kuacha chengachenga. Wenyewe Meksiko hutumia ya Oaxaca, ambayo huvutwa kwenye maji moto kama mozarela, au ile ya Chihuahua iliyoanzishwa na walowezi Wamenoni, watu wa dhehebu la Kikristo, kule kaskazini. Mozarela peke yake naiona imepooza. Changanya sehemu mbili za mozarela na moja ya cheda.

MamaNjoro: Nakubaliana na Fundi. Ila mwenzangu, nunua kipande kizima, usichukue iliyokwishakwaruzwa. Ile hupakwa wanga isishikane, na wanga huo huizuia kuyeyuka ikawa laini. Ikwaruze ikitoka kwenye friji, ikiwa bado baridi. Moto mdogo, funika kikaango dakika moja au mbili. Na usidharau gauda ya huku kwetu: Nakuru kuna watengenezaji, Eldoret kuna Doinyo Lessos.

Shemeji_wa_Nakuru: Gauda sawa, naongeza kura.

Mpishi_Kakamega: Kuhusu chapati usiwe na wasiwasi. Kaskazini mwa Meksiko wanatumia za ngano. Zako zisukume nyembamba na upunguze mafuta, maana jibini inakuja na yake. Unga wa ugali usijaribu. Mahindi yao huchemshwa na chokaa kabla ya kusagwa, ndipo unga ushikane. Wetu utakupasukia ukikunja.

AtienoBusia: Mimi ningeweka susa, majani ya maboga! Wameksiko hutia maua ya maboga, sisi majani tunayo tele. Yachemshe kidogo, yakamue kabisa, la sivyo maji yatailowesha chapati. Kitunguu na dhania juu, jibini upande wa chini na wa juu ili ishike pande zote mbili.

NyarKondele: Asanteni sana, nimeelewa. Swali moja tu: hii ya ndimu niliyobaki nayo niitupe?

FundiMaziwa: Usiitupe hata kidogo! Ivuruge na hizo susa za Atieno, tia chumvi na pilipili, halafu nyunyiza gauda kidogo ya kushikanisha. Ya ndimu inajaza, gauda inavutika, na kwa chapati moja utatumia chini ya nusu ya gauda ambayo ungeiweka peke yake. Hapo bei yako itakaa vizuri. Uwape wakiwa bado wamesimama pale, ikipoa inakuwa ngumu.