Dau limelala pwani misimu kadhaa, nina laki sita tu: nianzie wapi?

MwalimuBweni ameandika:

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo ya wanaojua vyombo, hasa mafundi wenyewe.

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, aliacha dau la mbao la futi kumi na nane huku Bweni, ng'ambo ya Pangani mjini. Tangu afariki hakuna aliyeligusa. Limekaa juu ya magogo mawili chini ya mkungu, hata maji ya bamvua hayalifikii. Ndani lilijaa majani, na mvua za masika zilituama humo mpaka zikakauka zenyewe. Juzi nimezoa majani yote. Chini yake nimekuta tope jeusi, na mche wa mkungu umeota ubavuni mwa taruma (mbavu ya dau) la tatu kutoka omo, yaani mbele, mizizi imeingia kati ya taruma na ubao. Mbao zimeachana, kuna mahali kidole cha mwisho kinapita. Mlingoti ni mzima, uko darini kwa mkaza mjomba. Foromali, ule mti wa kubebea tanga, limevunjika. Tanga limeliwa na panya.

Dau hili limesomesha watu nyumbani kwetu, mimi nikiwemo, na sitaki liishie jikoni. Nataka lirudi majini, binamu zangu wawili walivulie mshipi na nyavu ndogo. Mimi ni mwalimu, mfukoni nina laki sita, pamoja na mikono yangu ya Jumamosi na Jumapili. Fundi mmoja aliyepita alilitazama kidogo tu, akasema milioni mbili na nusu, au nilipasue niuze mbao. Jirani naye ananiambia nilivishe faiba (fiberglass) lote yaishe. Nianzie wapi? Na nitajuaje kama bado linafaa?

Kijana_Kigamboni amejibu:

Pole kwa msiba, mwalimu. Mimi naungana na jirani yako. Piga msasa, tandaza mati ya faiba, mwaga rezini (gundi yake), lisubiri likauke. Halivuji tena, na habari ya kukalafati, kuziba nafasi za mbao kwa pamba, kila mwaka inakwisha. Wavuvi wengi huku wamehamia faiba na hawarudi nyuma.

FundiTezo amejibu:

Mwalimu, pole sana. Mimi ni mzaliwa wa Nungwi, tezo ya kuchongea vyombo nilishikishwa na baba yangu nikiwa bado shuleni, sasa niko Tanga na kazi ni hii hii. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu kila mwaka naona madau yanapasuliwa kuni ambayo yalihitaji mataruma machache na kilo mbili tatu za pamba. Inaniuma.

Kwanza, usinunue kitu. Hata msumari mmoja. Laki sita yako iache nyumbani mpaka ujue ugonjwa uko wapi.

Kilichoumiza dau lako ni mvua. Bahari haina kosa hapo. Kuvu wanaoozesha mbao hawastawi kwenye chumvi, wanastawi kwenye maji matamu yaliyotuama, na majani ya mkungu yamewatunzia unyevu humo ndani. Kwa hiyo kazi ya Jumamosi hii ni kuliondoa chini ya mti, kukomba tope lote la ngama, huko chini kabisa ndani ya dau, kwa mkono mpaka uone mbao, kisha lisuuze kwa maji ya bahari. Liwekee banda la makuti juu, pande mbili uache wazi upepo upite. Mche wa mkungu usiuvute. Kata shina, mizizi iache ikauke, utaitoa unapotoa taruma lile, maana hilo la tatu ni lazima litoke.

Likishakauka chukua bisbisi nyembamba, kinyundo na chaki. Anza na mkuku, ule mti mkuu wa chini unaobeba dau zima: pale unapopanda kwenda omo, na pale unapopokea fashini, mti unaosimama nyuma. Halafu miguu ya mataruma inapokalia mkuku, kisha kila mahali penye doa jeusi kuzunguka msumari. Bisbisi ikigota, mbao ni nzima. Ikizama bila kutumia nguvu, pameoza, piga alama ya chaki. Gonga na kinyundo pia: mbao nzima hulia ti, iliyooza hujibu puu. Usipitishe haraka. Fundi aliyekutajia milioni mbili na nusu bila kushika bisbisi amekutajia bei ya woga wake.

Mkuku ukiwa mzima, dau lipo. Mengine yote ni viungo vinavyobadilishwa. Mkuku ukiwa umeoza katikati, hapo fedha yako haitoshi, na ni heri mlingoti na usukani ukavitumie kwenye chombo kingine.

Sasa hilo la kidole kupita. Lisikutishe, hizo ni mbao zilizokauka. Watu wengi wanaharibu hapa: wanashindilia pamba kwenye nafasi kubwa namna hiyo, dau likirudi majini mbao zinavimba, pamba haina pa kwenda, na ubao unajing'oa kwenye mataruma. Tengeneza mbao kwanza likiwa kavu. Ukimaliza, tandika magunia ndani, yaloweshe kwa maji ya bahari asubuhi na jioni mpaka uone mbao zimekaribiana. Nafasi zitakazobaki ndizo za kukalafati.

Kijana wa Kigamboni, nakuheshimu. Boti iliyozaliwa faiba, itengeneze kwa faiba. Lakini dau kuukuu limekunywa sifa, yaani mafuta ya samaki, miaka na miaka, na rezini haishiki vizuri kwenye mbao yenye mafuta na unyevu. Mbao zinavimba na kusinyaa, ganda la juu halifuati. Linaachia mahali usipopaona, maji yanapenya katikati na hayatoki. Nimebandua maganda hayo kwa mikono yangu. Ubao wa ndani unaumega kwa vidole. Halafu piga hesabu ya mati na rezini kwa futi kumi na nane, uone kitakachobaki kwenye laki sita.

Mataruma: toa moja, weka moja. Usitoe mawili yanayofuatana, ubavu utaingia ndani au kutoka nje na hutaurudisha. Kabla hujatoa, kata kadibodi ya boksi ifuate kombo la taruma lile, kisha tembea nayo mashambani. Unatafuta tawi lenye kombo hilo hilo la asili, la mwembe mkavu au mzambarau. Mwenye shamba kwake ni kuni, atakupa kwa bei ya kuni. Usikate ubao ulionyooka ukauchonga kuwa kombo, nyuzi za mti zitakatika na taruma litavunjika penye kona. Mlilana ni mzuri kuliko yote kwa kazi hii, lakini mikoko inalindwa, usiiguse bila kibali cha TFS, wakala wa misitu.

Msumari uliolika usiung'oe kwa nguvu, utapasua ubao mzima. Pitisha jani la msumeno wa chuma kati ya ubao na taruma, ukate, kisha kichwa kitoe taratibu. Misumari mipya iwe ya chuma iliyochovywa zinki. Toboa kwanza kwa keekee, halafu zungushia pamba yenye mafuta chini ya kichwa kabla ya kugongomea, maji yasifuate tundu. Ukipewa misumari ya shaba bure usiichanganye na ya chuma: kwenye maji ya chumvi chuma ndicho kitakacholiwa.

Ubao uliooza kipande usiutoe wote. Kata kipande kibovu, ungio likae kati ya mataruma mawili, nyuma yake uweke kipande cha ubao cha kulishika. Na maungio ya mbao jirani yasikae mstari mmoja.

Kalafati ni pamba iliyosokotwa na kulowekwa mafuta ya nazi. Ingiza kwa patasi butu, mkono mwepesi. Ukisikia patasi inaanza kukurudisha, acha. Sehemu ya dau inayozama majini ipake deheni: shahamu kutoka machinjioni, iyeyushe, changanya na chokaa iliyochekechwa. Kabla ya kupaka, pitisha moto wa makuti makavu chini ya dau, wa haraka, ukaushe mbao na kuua wadudu wanaotoboa. Sehemu ya juu isiyozama ipake sifa. Rangi usinunue mwaka huu.

Kuhusu fedha: kukomba, kukwangua, kukata misumari, kutafuta matawi na kulowesha ni kazi zako na binamu zako. Fundi mlipe siku za kupinda na kupachika mbao na siku za kalafati tu, na umwambie hivyo tangu mwanzo. Mbao na misumari zitakula nusu ya fedha. Tanga liwe la mwisho.

BintiMatondoni amejibu:

Assalaam alaykum. Mimi ni wa Lamu, na baba yangu alikuwa akishona matanga pale Matondoni, kwa hivyo niruhusuni niseme la tanga.

Mwalimu, usinunue kitambaa kipya. Ulizia kwa wenye mashua kubwa au majahazi, hapo Pangani hata Tanga, tanga lililochoka. Upande wa demani, wa nyuma ya tanga, ndio hupigapiga ukachanika. Katikati na upande wa joshini, wa mbele, kitambaa mara nyingi bado kizima, na kwa dau la futi kumi na nane chatosha. Kitandaze mchangani siku isiyo na upepo, kivute kila kona kwa vijiti vya kupigilia, ndipo upime na kukata. Ukikata kikiwa kimelegea, tanga litashika upepo tumboni na dau halitakwenda joshi, yaani kuukabili upepo, vijana watapiga makasia kurudi nyumbani. Kamba ya ukingoni ishonwe ikiwa imevutwa kuliko kitambaa kidogo, ndiyo itakayobeba mzigo badala ya nguo.

Turubai la plastiki nimeliona kwenye madau mengi. Jua lalimaliza haraka na umbo halishiki. Ukikosa kabisa, litumie msimu mmoja huku ukitafuta. Foromali unga miti miwili myembamba ya mvinje, sehemu ya kupishana iwe ndefu, uifunge kwa kamba iliyolowa ili ikikauka ikaze.

Na nimuunge mkono fundi kuhusu mkuku na mataruma. Huku kwetu mafundi waliunda dau la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, ikashushwa majini 2018, na mwaka 2019 ikasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Plastiki tupu, lakini waliichonga mkuku, mataruma na mbao kwa mpangilio ule ule wa wazee. Chombo ni kiunzi chake.

MwalimuBweni ameandika:

Shikamoo FundiTezo, na dada wa Matondoni ahsante sana. Nimefanya kama mlivyosema, binamu zangu wamesaidia, na sasa dau liko chini ya makuti.

Majibu ya bisbisi ni haya. Mkuku unagota kutoka omo karibu mpaka mwisho. Nyuma, pale unapopokea fashini, pana mahali laini urefu wa kiganja, bisbisi inazama kama robo ya unene. Mataruma mabovu ni matano, pamoja na lile la mche, na mawili kati yake yanafuatana. Mbao mbili za kushoto zimeoza vipande karibu na ngama. Kulia kote ni salama. Mzee mmoja hapa anasema ile sehemu laini ya mkuku nichimbe nijaze saruji. Nifanye hivyo? Na dau nilishushe lini?

FundiTezo amejibu:

Marahaba mwalimu. Umelipima vizuri, na nakwambia dau hilo linarudi majini.

Saruji hapana. Mzee huyo ameiona ikifanywa, na kweli inafanywa, lakini saruji haivimbi na mbao; pembeni yake panabaki uwazi mwembamba unaoshika maji. Chonga mbao laini kwa patasi mpaka ufike kwenye mbao inayogota pande zote, hata kama shimo litakuwa kubwa kuliko ulivyotarajia. Liache wazi likauke kabisa, lipake mafuta, kisha chonga kiraka cha mbao ngumu, mvule au msaji, hata kipande kutoka kwa seremala wa milango. Kikae kwa kubana, kwa kugongwa na nyundo ya mbao, ndipo ukishike kwa bolti mbili zinazopenya. Robo ya unene inavumilika. Ungeniambia nusu, ningekuambia tubadilishe mwisho wote wa mkuku.

Yale mataruma mawili yanayofuatana: weka jipya la kwanza, lipigilie likaze kabisa, ndipo uguse la pili. Wakati huo egemeza ubavu kwa nje na miti.

Fanya kazi ya mbao kiangazi hiki kabla ya vuli. Kulishusha, subiri bamvua, maji yakufuate hapo juu kadiri yawezavyo, na uwaambie jirani mapema, dau la futi kumi na nane linataka watu wa kutosha. Tenga fedha ya chakula chao ndani ya laki sita ile ile. Likishaelea, lifunge mahali pa kina kifupi, bila farumi (mawe ya uzito), bila tanga. Litavuja siku za kwanza na lazima livuje. Binamu zako wakeshe kwa zamu na upo wa kufulia maji mpaka mbao zikutane. Likiacha kuvuja ndipo muweke mawe na mlingoti. Leseni ya uvuvi ulizia halmashauri wakati dau bado liko juu, usisubiri vijana wakamatwe baharini.

Picha ya fashini ipige kwa ubavu na kwa chini, mkuku uonekane, uitume hapa kabla hujashika patasi.