Ejenti ya AI imeruhusiwa kutafuta kwenye tovuti chache tu: orodha iwekwe wazi au ibaki siri ya waliotengeneza?

Mleta mada:
Wakuu, tulijadili hili bila matusi. Hizi ejenti za AI (programu zinazomfanyia mtu kazi zenyewe) siku hizi zinapewa zana ya kutafuta mtandaoni, na wengine wanaifunga isitafute popote zaidi ya tovuti walizochagua wao. Kufunga sina shida nako, ni akili hiyo. Shida yangu ni yale maelezo yanayoandikwa kuhusu zana. Unafungua unakuta mstari mmoja, "hutafuta kwenye vyanzo vya kuaminika", basi. Vyanzo vipi? nani kavichagua? kimya.

Mimi nasema orodha iwekwe hadharani yote, na maelezo yaseme wazi zana ikirudi mikono mitupu maana yake nini. Hili la pili ndo linaniuma zaidi. Chukulia ejenti umeiruhusu who.int peke yake, tovuti ya Shirika la Afya Duniani, mtu anauliza kama dawa mbili fulani zinaweza kunywewa pamoja, zana inatafuta haioni ukurasa wowote inarudisha sifuri. Sasa kumbuka yale maelezo hayasomwi na developa tu, modeli yenyewe, yaani ule ubongo wa AI ndani ya ejenti, inayasoma, ndo inayatumia kuamua zana iitwe lini na majibu yaeleweke vipi. Kama hakuna palipoandikwa kwamba sifuri ni ya tovuti hizi tu, itamjibu mtu "hakuna ushahidi kwamba zina madhara", na mtu anameza. Hapo lawama zote mimi namwagia aliyeandika maelezo kivivu.

Mdau 1:
Mkuu umenena ila kutoa orodha nje ni kumwonyesha mwizi unapoficha funguo. Ule ujanja wa kuficha maagizo ndani ya ukurasa ili modeli iyatii watu wanaupigia kelele miaka sasa. Nikishajua ejenti yako inasoma tovuti kumi hizi, natafuta kati ya hizo ipi mtu yeyote anaruhusiwa kuandika, napanda maneno yangu pale nakusubiri. Wikipedia inahaririwa na yeyote. github.com, kule watu wanakoweka programu zao, ukiiruhusu umeruhusu kila mwenye akaunti. Siri inanisaidia, hata kama ni kidogo.

Mleta mada:
Kuhusu github kweli, ila hiyo hoja inanibeba mimi bana. Mwizi hahitaji umwandikie orodha, anaiuliza ejenti maswali ishirini thelathini anaangalia viungo inavyotaja, jioni anayo. Anayebaki gizani ni mtumiaji wa kawaida. Na github usiruhusu domeini nzima, ruhusu folda unayoijua, halafu uandike hivyohivyo kwenye maelezo.

Mdau 2:
Mi hivi vitu naviandika kazini, naona mnapaka rangi nyumba haina msingi. Kufuli lenyewe liko wapi? Kuna watu wanaandika kwenye prompti (maagizo ya maneno wanayoipa modeli) "tafuta kwenye tovuti hizi tu" wanaita hiyo zana iliyofungwa. Hilo ni ombi. robots.txt, lile faili la tovuti linalowaambia maroboti wa mtandaoni wasiguse kurasa zipi, ipo tangu 1994, mwaka 2022 ikapewa kiwango rasmi, RFC 9309, na kiwango chenyewe kinakiri zile kanuni hazidhibiti nani aingie nani asiingie, mroboti mkaidi anapita tu. Wengine wanabandika site: (amri ya kutafuta ndani ya tovuti fulani tu) kwenye swali wanatuma kwa injini ya utafutaji, sawa, angalau inachuja, lakini kama swali zima anaandika modeli, siku akiisahau hiyo site: umekwisha. Kichujio kikae kwenye programu kikague kila kiungo kinachorudi.

Na hapo napo kuna shimo, nimelikuta kwenye kazi ya mwenzangu, kaandika kubali anwani yoyote inayoishia na wikipedia.org. Nikamwambia siowikipedia.org nayo si inaishia hivyohivyo? kasahau nukta moja tu. Halafu ukiruhusu wikipedia.org, sw.wikipedia.org imo au haimo? Inategemea aliyetengeneza, ndo maana iandikwe. Na kutafuta umefunga, zana ya kufungua kurasa je? Nimeona ejenti inapata ukurasa halali kabisa, ndani kuna kiungo cha nje, hiyoo inaondoka nacho na hakuna aliyeizuia. Haya ndo ya kuandika, hizo ngonjera za "vyanzo vya kuaminika" mwachie mtu wa matangazo.

Mdau 3:
Nyie mnaongea kama orodha imeshuka kutoka mbinguni. Anayechagua ni mtu, anaweka tovuti anazozisoma yeye kwa lugha yake, mimi nikiuliza kwa Kiswahili napata sifuri au tafsiri ya ajabuajabu. Ikiwa wazi angalau naweza kuuliza kwa nini hii imo ile haimo. Ikiwa siri nabishana na hewa.

Mdau 1:
Haya mmenibana, iwe wazi. Ila kwa modeli msiimwage yote, tovuti mia tatu kwenye maelezo ya zana zinakula tokeni (vipande vya maneno modeli inavyovisoma) kila mazungumzo bure. Modeli ipewe aina ya vyanzo kwa ufupi, orodha kamili ikae kwenye ukurasa wa watu.

Mleta mada:
Hapo tunakaribiana, japo ukitenganisha hivyo siku orodha ikibadilika lazima upande mmoja usahauliwe. Ningependa ukurasa wa watu utoke kwenye faili lilelile kichujio kinalosoma, tarehe juu. Mdau 2 inawezekana au naota?

Mdau 2:
Inawezekana, wala siyo kazi kubwa. Ile ya sifuri mimi siiachii maelezo peke yake, naiweka ndani ya jibu la zana: "hakuna kilichopatikana kwenye tovuti 12 zilizoruhusiwa, nje ya hapo haikutafutwa". Modeli ikiikuta palepale ni ngumu kuiruka. Ila ukiniuliza nani akae kuipitia hiyo orodha kila mwezi, tovuti iliyokufa aitoe, iliyouzwa aitoe, hapo mkuu hata kazini kwetu kila mtu anaangalia chini.