Je, macho na sauti vinaweza kumfichua mwongo?

Mama Neema, Moshi
Habari zenu ndugu. Nina duka la nafaka karibu na soko la Mbuyuni, na juma lililopita hesabu ya jioni ilipungua shilingi 130,000. Nilipomuuliza kijana anayeniuzia, aliinamisha macho, sauti ikamtetemeka, na maneno yaleyale akayarudia mara mbili. Mume wangu anasema dalili hizo zinatosha kumwondoa kazini. Mimi nasita, kwa kuwa tangu aje ni mpole wa maneno machache.

Mwalimu wa saikolojia, Arusha
Mama, nakusihi usimwondoe kwa dalili hizo. Mwaka 2006 wanasaikolojia Charles Bond na Bella DePaulo walijumlisha matokeo ya tafiti ambamo watu zaidi ya 24,000 waliamua nani anadanganya na nani anasema kweli, wakakuta kwamba anayemtazama na kumsikiliza mtu tu, bila ushahidi mwingine, hupatia kwa asilimia 54 hivi, yaani hamzidi sana anayebahatisha. Mwaka huohuo utafiti wa nchi 75 ulionyesha kwamba imani iliyoenea kuliko zote ni kuwa mwongo hukwepa macho, ilhali macho yakipimwa hayamtofautishi na mkweli kwa kiasi cha kutegemewa. Kwetu hatari ni kubwa zaidi, maana kijana aliyelelewa vizuri hufundishwa kutomkazia macho mkubwa anayemhoji. Sauti nayo hupanda mtu akiwa na hofu, lakini anayeogopa kusingiziwa hutetemeka sawa na anayeogopa kukamatwa.

Dalali wa vito, Arusha
Naunga mkono. Katika biashara ya tanzanite, walionitia hasara kubwa walinitazama usoni na kuzungumza kwa utulivu kabisa. Siku hizi namwacha mtu asimulie bila kumkatiza: jiwe limetoka wapi, limepitia kwa nani, nani alikuwapo, kisha nawapigia simu hao aliowataja. Mama, kabla hujamwonyesha daftari la mauzo, mwache kwanza aieleze siku ile yote.

Mama Neema, Moshi
Ahsanteni sana. Leo nimekaa naye stoo, bila mume wangu, nikamwomba anisimulie tangu alipofungua mlango. Alitetemeka vilevile, lakini alimtaja mteja aliyechukua gunia la mahindi na kulipa kwa simu, na muamala wa shilingi 95,000 tumeukuta kwenye simu ya mume wangu. Zimebaki 35,000, kesho tutapitia pamoja orodha ya waliokopa.