Natafuta asili ya jina Esposito: babu alikuwa mateka wa vita Mai Mahiu

Binti_Bondeni:
Hamjambo wapendwa. Naomba mnisome hadi mwisho.

Mama alizaliwa Mai Mahiu mwaka 1945. Baba yake alikuwa mateka wa vita wa Kiitaliano, mmoja wa wale waliochonga ile barabara ya kuteremka Bonde la Ufa na kujenga kanisa dogo la mwaka 1942 lililo kando yake. Vita vilipokwisha walirudishwa kwao. Nyanya akabaki na mtoto mgongoni na kopo moja la sigara.

Kopo hilo babu alilitengeneza kwa mkono. Kifuniko kimechorwa kwa ncha ya msumari: mlima wenye vichwa viwili, cha kulia kinatoa moshi. Chini yake: "Esposito G. – Torre d. G. – cl. 1916". Mama huweka sindano zake humo, na siku zote ametuambia ule mlima ni Longonot.

Nimetafuta Esposito mtandaoni, wametokea maelfu. Kuna mtu anataka pesa aniletee "historia ya ukoo wote" pamoja na nembo yake. Sitafuti pasipoti wala urithi. Mama amefika themanini na hajui hiyo G ni ya jina gani. Nianzie wapi?

Mpekuzi_Kale:
Dada, usimpe mtu huyo hata shilingi. Nembo ilikuwa ya familia fulani mahususi, haigawiwi kila mwenye jina.

Na Esposito hasa si ukoo mmoja. Linatokana na "esposto", mtoto aliyeachwa nje. Pale Napoli, kwenye nyumba ya Annunziata iliyopokea watoto walioachwa, palikuwa na gurudumu la mbao ukutani. Mama aliyeshindwa kulea alimlaza mtoto ndani, akalizungusha, mtoto akapokelewa upande wa pili bila mtu kuonana na mtu. Wengi wa watoto hao walipewa jina hilo. Mwaka 1814 Murat, mfalme wa Napoli, alikataza wasiendelee kuitwa hivyo kwa sababu liliwaaibisha, na gurudumu lenyewe lilifungwa 1875. Kwa hiyo Esposito wawili wanaweza wasiwe na tone la damu moja. Ukilifuata jina utapotea. Mfuate mtu.

Mkaazi_Napoli:
Nimesoma hii nikiwa kazini nikasimama. Dada, huo mlima si Longonot. Longonot haitoi moshi. Vichwa viwili, cha kulia kikifuka: hiyo ni Vesuvio, volkano ya huku Napoli, na cha kushoto ni Somma, ndivyo tunavyoiona kutoka huku mjini. Siku hizi imetulia, ililipuka mara ya mwisho mwaka 1944, lakini babu yako alikua akiuona moshi ule kila siku.

"Torre d. G." ni Torre del Greco, mji wa wachonga marijani, chini kabisa ya mlima huo. Na "cl." ni "classe": wanajeshi wa Italia hutajwa kwa mwaka wa kuzaliwa. Kwa hiyo una jina la ukoo, mji na mwaka. Watu wengi huanza na pungufu ya hapo.

Mpekuzi_Kale:
Basi njia imefunguka. Ingia tovuti ya Antenati ya nyaraka za serikali ya Italia, ni ya bure. Angalia kama vitabu vya Torre del Greco vya 1916 vimepigwa picha. Ukikosa, iandikie ofisi ya stato civile (usajili wa vizazi, ndoa na vifo) ya mji huo kwa Kiitaliano, uombe "copia integrale" ya cheti cha kuzaliwa. Omba nakala kamili kwa sababu pembeni huandikwa alioa lini na nani.

Esposito wenye G watakuwa wengi: Giuseppe, Gennaro, Giovanni, Gaetano. Atakayewachuja ni jeshi. Omba Archivio di Stato (hifadhi ya nyaraka za serikali) ya Napoli wakutafutie "ruolo matricolare", karatasi ya utumishi wa kila askari. Humo huandikwa alitekwa wapi na alirudi lini. Yule aliyekuwa Kenya ndiye wako.

Mama_Wawili:
Nyongeza kwa upole. Huenda ana watoto kule wasiojua lolote. Ukiwapata, barua ya kwanza iwe fupi, weka picha ya kopo, sema wazi kwamba hudai kitu.

Binti_Bondeni:
Asanteni, Mungu awabariki. Mkaazi_Napoli, jioni hii nimempa mama simu yenye picha ya Vesuvio. Akatoa sindano zote kwenye kopo, akaweka kifuniko kando ya simu, akapitisha kidole kwenye mlima mmoja kisha mwingine. Halafu akaniuliza, "Kumbe alikuwa anachora kwao?"

Barua naipeleka posta Jumatatu.