Fomu ya chooni ya chekechea: nisaini?

Mama Nuru, Leicester

Wanakusini, assalaam aleykum, na shikamooni wakubwa.

Naomba aliyepitia haya anijibu haraka maana Jumatatu wanataka karatasi yao. Mwanangu wa mwisho anaelekea miaka mitatu na nusu. Alikuwa kwa mama yangu Shangani, Mtwara, karudi huku mwezi wa saba. Kule pampasi aliziacha zamani. Akibanwa anasema "kojo" au "mavi", anakwenda mwenyewe choo cha uani anachuchumaa, hata usiku, bibi kasimama mlangoni na tochi.

Sasa chekechea wamenipa barua. Kwenye "utayari" wameweka alama ya bado. Chini wameandika anapata "ajali" karibu kila siku, "anabana", na "amerudi nyuma". Wameambatisha fomu ya kukubali wamvalishe Pull-Ups, zile pampasi za kuvaa kama chupi, na wambadilishe wao, na kisanduku cha ruhusa ya kuongea na HV (health visitor, nesi wa watoto wa mtaani).

Swali langu ni hili: nikisaini, inamfuata kwenye rekodi mpaka Reception, darasa lao la mwanzo shuleni? Na zile saa 30 za chekechea zinazolipwa na serikali zinaguswa?

Baba Rehema, Hannover

Pole dada. Huku Kita, chekechea ya Kijerumani, walitusumbua hivyo hivyo. Wao wana maneno mawili, trocken ni wa kojo, sauber ni wa choo kikubwa, na mtoto anaweza kuwa wa kwanza asiwe wa pili. Tulipokwenda U7a, ile cheki ya daktari mtoto akikaribia miaka mitatu, na daftari letu la njano la afya, daktari akaniuliza Rehema yuko wapi kati ya hayo. Nikamwambia yuko hapo kwenye kiti, muulize mwenyewe. Hakucheka.

Tabu ya hawa wenzetu wanamngoja mtoto aseme yuko tayari. Nani Tandahimba aliulizwa kama yuko tayari?

Kijana wa Masasi, Reading

Baba Rehema, dada yuko Leicester, U7a ya nini hapa? Huku cheki ni ile ya miaka miwili hadi miwili na nusu, unajaza ASQ, fomu ya maswali ya ukuaji, unampa HV. Huyo mtoto wakati huo alikuwa Mtwara, kwa hiyo huenda hawana kitu chake.

Mama Nuru, usiumie na maneno yao. "Ajali" ni kajilowesha tu. "Utayari" wanaangalia anakaa mkavu saa moja na nusu au mbili, anajua kalowa au anakaribia kulowa, anaweza kushusha suruali, anafuata maelekezo mepesi. Si kipimo cha akili. Na hiyo habari ya kungoja mtoto aamue imeshapoa hata hapa, ERIC, lile shirika la hisani la mambo ya choo cha watoto, siku hizi wanahimiza kuanza kati ya miezi 18 na 30.

Bi Mkubwa wa Mikindani, Cardiff

Marahaba wanangu.

Miezi kumi na minane? Sisi mtoto akitoka arobaini tu kazi imeanza. Alfajiri akishanyonya unakaa mkekani, unanyoosha miguu, unamkalisha juu ya vifundo vyako, anakutazama, mapaja yake umeyatanua kidogo. Chini mchanga au jivu. Unampigia "shwiiii" polepole. Akikojoa unamsifu, akinyamaza unamwondoa bila ugomvi, unajaribu tena akiamka. Baada ya muda ukipiga shwii tu, kajibu. Winda zenyewe zilikuwa khanga kuukuu zilizokatwa, unazifua unaanika juani, hakuna cha kununua. Leo mama anasukuma kigari kimejaa maboksi ya pampasi kama anafungua duka.

Mtoto wa Kilwa, Glasgow

Bi Mkubwa, shikamoo. Hilo limeandikwa kabisa. Mwaka 1977 kwenye Pediatrics, jarida la madaktari wa watoto, watafiti deVries na mwenzake walieleza kina mama wa Kidigo wa pwani: wanaanza wiki za mwanzo, na mtoto wa miezi mitano au sita anakuwa mkavu mchana na usiku akiwa na mlezi wake. Na wakati huo, tangu daktari wa watoto Brazelton alivyoandika mwaka 1962, Marekani walikuwa wanashikilia mtoto asianzishwe kabla ya mwaka na nusu.

Bi Mkubwa wa Mikindani, Cardiff

Marahaba. Lakini sisi si Wadigo.

Kijana wa Masasi, Reading

Na "mkavu" ya Wadigo si hii ya chekechea. Pale mama ndiye anayesoma dalili na kumpeleka mtoto. Chekechea wanataka mtoto asome dalili zake mwenyewe, aache kuchezea tope, aombe ruhusa kwa Kiingereza kwa mtu asiyemjua. Ndiyo maana wa bibi anafika huku anaitwa "amerudi nyuma". Hajarudi popote, kahamishwa.

Nesi wa Nachingwea, Birmingham

Jamani someni barua ya mwenzenu badala ya kushindana. Neno zito humo ni "anabana", na hakuna aliyeligusa.

Mtoto anayebana choo kikubwa, mavi yanakauka na kurundikana. Utumbo wa mwisho unatanuka mpaka hausikii tena kwamba umejaa, na unakandamiza kibofu, kwa hiyo kojo linatoka bila taarifa. Wakati mwingine choo chepesi kinapenya pembeni ya kile kigumu, kinachafua chupi, watu wanadhani anaharisha. Ukiona kojo la mchana limerudi kwa mtoto aliyekuwa mkavu, uliza kwanza mara ya mwisho alipata lini choo kikubwa na kilikuwaje. Mama Nuru, mpeleke kwa GP, daktari wenu wa mtaani. Ikiwa ni hilo, kwa kawaida wanaanza na macrogol, ule unga wa kuchanganya na maji. Usimpe dawa ya kulainisha choo ya wakubwa, wala usimnyime maji ili asikojoe.

La pili, huyu kazoea kuchuchumaa. Choo cha kukalia kikiwa kirefu miguu inaning'inia na hawezi kusukuma. NHS wenyewe, huduma ya afya ya hapa, wanasema mtoto aweke miguu kwenye kijistuli, magoti yapande kuliko nyonga. Sasa hiyo ni nini kama si kuchuchumaa kwetu? Muulizeni mwalimu kama wana stuli. Nyumbani, nusu saa hivi baada ya chakula, tumbo ndipo linapofanya kazi, mkalishe dakika chache tu, bila vitisho.

Mama Nuru, Leicester

Dada Nesi, umenifumbua macho. Wiki ya kwanza walimkuta kapanda juu ya choo na viatu vyake, kachuchumaa, kashika ukuta. Wakamkemea kwa ajili ya usalama. Tangu hapo akifika kule hataki kuingia, anakunja miguu anasimama kwenye kona nyuma ya vitabu. Nyumbani anakwenda bafuni anachuchumaa kwenye karo, nami namwacha.

Nitampeleka GP. Ila fomu jamani?

Baba Rehema, Hannover

Mimi nisingesaini. Pull-Ups ni biashara, mtoto akikojoa hahisi kulowa, atajifunza nini?

Kijana wa Masasi, Reading

Asiposaini wambadilishe vipi? Wakishindwa watampigia simu atoke kazini. Na EYFS, kanuni za chekechea za hapa England, inawataka wawe na mahali safi pa kubadilishia watoto, kwa hiyo si hisani wanamfanyia.

Baba Rehema, Hannover

Mahali pa kubadilishia si fomu, mdogo wangu. Nchi hizi kila kitu karatasi. Hata mavi ya mtoto yana faili.

Shemeji wa Lindi, Milton Keynes

Afadhali hawa wana faili. Sisi tulisoma shule ya msingi matundu ya choo hayatoshi, wasichana foleni mapumziko yote, ukibanwa unakimbilia kwenye mikorosho. Na gesi ya Msimbati ilishafika Dar tangu 2015. Watu waliumia mwaka 2013 wakiuliza kusini inabaki na nini, mpaka leo wazee nyumbani wanauliza.

Kijana wa Masasi, Reading

Shem, tusiingize gesi kwenye habari ya poti.

Shemeji wa Lindi, Milton Keynes

Nani kaingiza? Nasema vyoo vya shule vinajengwa kwa pesa, na pesa inatoka mahali. Au ile korosho ya 2018, serikali ilisema inanunua yote kwa 3,300 kilo, jeshi likaja kubeba. Muulize baba yangu alilipwa lini.

Bi Mkubwa wa Mikindani, Cardiff

Wanangu, taratibu. Huyo mtoto msimwite kikojozi hata kwa utani, wala dada zake wasimwimbie. Usiku mwacheni kabisa, mtoto chini ya miaka mitano kulowa kitandani si ugonjwa, hata madaktari wa hapa hawahangaiki nalo.

Halafu Mama Nuru, huyo mama yako wa Shangani ndiye aliyemleta mtoto mwenyewe uwanjani? Aliniahidi ming'oko, vile viazi pori vya kwetu.

Mama Nuru, Leicester

Ndiye, Bi. Alituma ming'oko kidogo na korosho za kubangua mwenyewe, ila nyingi zilibaki Dar, mizigo ilizidi.

Mtoto wa Kilwa, Glasgow

Zilizobaki Dar ziko kwa nani? Dada yangu anatoka Dar tarehe za mwisho wa mwezi na ana kilo zake hazijajaa. Barabara ilivyokatika Somanga ule mwezi wa tano 2024 nilikosa kila kitu, tangu siku hiyo nimeapa sitategemea basi.

Shemeji wa Lindi, Milton Keynes

Mimi naomba kilo mbili za korosho, zisizo na chumvi. Nalipa kwa M-Pesa au benki, mseme tu.

Nesi wa Nachingwea, Birmingham

Ming'oko mibichi uwanja wa ndege watakunyang'anya, iwe imechemshwa ikakaushwa, na hata hivyo muulize kwanza. Mtoto wa Kilwa, nitumie namba ya dada yako pembeni, siyo hapa.