Msaada: nimenakili amplifaya ya valvu kwenye laptopu, inatoka sauti ya nyuki

Nyuzi_Sita: Wakuu, nina kichwa cha valvu (amplifaya ya gitaa isiyo na spika ndani), wati 50, valvu mbili za EL34. Nimekinakili kwa Neural Amp Modeler, programu inayojifunza sauti ya amplifaya, lakini nikipiga gitaa ni nyuki waliofungiwa chupani. Nibadilishe programu au ninunue Kemper, ile mashine ya kunakili amplifaya? Nahitaji jibu kabla ya Jumamosi.

Mzee wa Besi: Ndiyo maana sisi tunapiga besi. Chomeka kwenye mixa, maisha yaendelee.

Valvu Tupu: Kompyuta haina joto. Hela ya Kemper nunulia EL34 mpya.

Omu_Nane: Nyuki ni kukosa kabati la spika. Spika ya gitaa ya inchi 12 inashusha sauti za juu kuanzia kama kilohezi 5. Bila yenyewe mkwaruzo wote wa valvu unakuja mbichi. Weka IR ya kabati (faili linaloiga sauti ya spika na maiki) baada ya nakala. Ila kama ulirekodi kwa maiki mbele ya spika, usiweke, utakuwa na kabati mbili. Ulirekodije?

Nyuzi_Sita: Kawaida tu mkuu. Faili la majaribio, kilohezi 48.

Omu_Nane: Kawaida ndiyo ipi? Waya ulitoka wapi ukaingia wapi?

Nyuzi_Sita: Tundu la spika, moja kwa moja kadi ya sauti. Spika nilichomoa, ilikuwa usiku, kuna majirani. Lakini ni dakika chache tu, volyumu kwenye 2, na valvu zinawaka mpaka sasa. Kichwa chenyewe nishapokea kianzio, mteja anakuja Jumamosi. Nakala ndiyo nitabaki nayo.

Bi Mkweli: Kumbe! Na mteja umemwambia?

Rivabu: Chai hii. Wati 50 kwenye omu 8 ni volti 20. Kadi ingekuwa marehemu.

Omu_Nane: Kwenye 2 inaweza kupona. Ninayemhofia ni transfoma ya kutolea sauti. Nguvu ikikosa spika inarudi nyuma, volti zinapanda, cheche zinaruka kwenye soketi. Transista inaogopa shoti, valvu inaogopa waya kuning'inia.

Na Kemper angenakili kosa hilohilo. Programu hizi hazijui saketi, zinalinganisha kilichoingia na kilichotoka. Spika halisi si omu 8 kila mahali: inapanda kwenye besi na inapanda tena juu, na EL34 zinaitikia hayo. Wewe umeifundisha amplifaya isiyo na spika, nayo imejifunza vizuri sana.

Rudia hivi: kadi, boksi la riampu (linaloshusha sauti ya kadi iwe kama ya gitaa), kichwa, lodi boksi (inayobeba nguvu badala ya spika) ya omu sawa na tundu ulilotumia na inayohimili wati 50, toleo lake la laini, kadi. ESR, kipimo cha kosa la nakala, ikishuka chini ya 0.01 umepata. Ukigusa kitufe cha geni (cha kuongeza mkwaruzo), hiyo ni nakala nyingine.

Lakini kwanza chomoa umeme. Pima kapasita kubwa, zikiwa na chaji zimalize kupitia rizista. Mle mna volti 400 na ushee, zinaua. Toa EL34, pima omu kutoka waya wa kati wa transfoma hadi pini 3 ya kila soketi. Namba zikaribiane.

Nyuzi_Sita: Nimepima. 41 na 46.

Omu_Nane: Haijakatika. Insulesheni mita haiioni, kwa hiyo iwashe ikiwa na spika, usikilize kama inatatarika.

Bi Mkweli: Hujanijibu kuhusu mteja.

Rivabu: Picha ya mita iko wapi?